Mashine Iliyobaki

Kiti kilikuwa cha moto. Mkusanyaji alikigusa asubuhi moja, akijua fika kwamba hakuna aliyekikalia tangu juzi, na mashine yenyewe haikuwa imechomekwa kwenye umeme.

Ilikuwa mashine ya mchezo wa kuendesha gari, ya zama za kabla ya kompyuta: usukani, pedali, na barabara iliyochorwa kwenye sahani ya kioo inayozunguka mbele ya taa. Wakusanyaji wenzake walisema duniani imebaki hiyo moja tu. Hawakujua kuwa mwezi uliopita alikuwa nazo mbili, akaivunja ya pili kwa nyundo ili hii iwe ya pekee. Mkewe, aliyezifuta vumbi zote mbili kwa miaka, aliambiwa imeliwa na mchwa. Akaamini, maskini.

Mchuma janga hula na wa kwao. Wiki hiyo nyumba ilianza kunuka mpira unaoungua, kisha mke akaanza kunguruma mchana kweupe, amekaa kwenye kochi, mikono imeshika usukani usiokuwepo, macho ameyakodoa ukutani, akikata kona alizoziona yeye peke yake, na mumewe amesimama mlangoni, akijua sababu na akishindwa kuitamka.

Mganga alipoletwa alimfukiza mke, akamuuliza aliye ndani yake anataka nini.

"Nyumba yangu," ilijibu sauti nzito kinywani mwa mke. "Nilikaa humo miaka hamsini, sikumgusa mtu. Muulize bwana huyu iko wapi. Nilijaribu kiti cha ile iliyobaki, lakini hakuna aliyenikaribisha, nikabisha hodi kwingine. Mama huyu akadhani ni mgeni, akasema karibu."

Mume akakiri yote, machozi yakimtoka kwa aibu. Mganga akamnong'oneza kuwa dawa ni nyepesi: aifungue mashine iliyobaki, aseme karibu, kisha asiiguse wala asimwonyeshe mtu maisha yake yote.

Mume akaitazama mashine yake. Akamtazama mkewe.

"Hakuna njia nyingine, mganga?"

Mganga alianza kukusanya vitu vyake taratibu, na hapo ndipo mume alipoelewa alichokifanya, akapiga magoti mbele ya mashine akirudia karibu, karibu, mpaka sauti ikamkauka.

Mke akamgeukia, akamshika bega kwa upole.

"Asante, bwana. Nimeshakaribishwa."