Sepetu Isiyolia

Jua lilikuwa linazama nilipoingia kwa muuza vyuma kutafuta sepetu. Ya tatu mwaka ule ilikuwa imevunjika shingo siku hiyo hiyo, na mume wangu hawezi kuchimba kwa meno. Kazi yetu ni ya wawili: mimi natembeza mashine ya kunusa madini, ikilia yeye anachimba. Mikono yake ndiyo inayotulisha.

Kuchagua sepetu nakujua. Kwanza naligonga bapa kwa jiwe, nisikie kama lina ufa. Halafu nalikanyaga, nakagua pale shingo inapopokea mpini, maana hapo ndipo zinapofia. Mwisho nasogeza mashine karibu. Chuma huipigisha kelele, na kelele za sepetu hukuchanganya shimoni.

Kulikuwa na moja pembeni, nzito, rangi yake njano-njano. Nikaigonga. Nikaikanyaga, haikupinda. Nikasogeza mashine.

Kimya.

Mwenye akili angejiuliza kwa nini. Mimi nilifurahi. Kwetu sisi, sepetu isiyosikika na mashine ni kama mume asiyekoroma.

"Ya chuma gani hii?" nilimuuliza muuzaji.

Hakuinua macho. "Inadumu," alisema chinichini. "Haiishi."

"Mbona hukuinadi?"

"Kizuri chajiuza, dada."

Nyumbani mume wangu aliinoa kwa jiwe. Hakukutoka cheche. Ulitoka unga mweupe... na harufu. Harufu ya ukucha ulioangukia kwenye kaa la moto.

"Unasikia?" nilimnong'oneza.

"Nasikia njaa," akanijibu.

Kesho yake bondeni alichimba kama anayekoroga uji. Alikuwa anaimba. Mchana nilipompa maji, nikaona kidole gumba chake hakina ukucha. Hapakuwa na damu, ila nyama laini, yenye majimaji.

"Umetoka," alisema. "Hauumi."

Baadaye alinimegea mkate. Nikatafuna kitu kigumu. Nikakitema kiganjani.

Ukucha.

Nilitapika mpaka nyongo. Yeye alinisugua mgongo kwa vidole vile laini, na niliona kinyaa, Mungu anisamehe, kinyaa cha mume wangu mwenyewe. Nikaitazama sepetu. Makali aliyoyanoa jana yalikuwa yamerefuka upana wa vidole viwili. Chini ya mpini, ngozi nyembamba ilikuwa imeota na kuanza kuchubuka.

Jioni, alipoingia kuoga, niliitumbukiza kwenye moto wa jikoni. Ilijikunja. Ikatoa povu la mafuta...

Kutoka bafuni alipiga ukelele ambao sikuwahi kuusikia kwa mtu mzima.

"Vidole! Mke wangu, vidole!"

Nikaichomoa. Alitoka amejifunga taulo, ncha za vidole vyote kumi nyeusi, zimetoa malengelenge. Hakunigombeza. Alinyata mpaka kwenye sepetu, akaipuliza, kama unavyompuliza mtoto aliyeungua.

"Usiichome tena," alinong'ona.

Asubuhi niliirudisha kwa muuzaji, nimeifunga kwenye gunia. Aliliona gunia kwa mbali tu, akasimama mlangoni nisiingie.

"Imeshampata wake," alisema. "Hairudi."

"Nimfanyeje mume wangu?"

"Ipunguze kila jioni. Kwa tupa, polepole. Usiiache irefuke."

"Ikirefuka?"

Akafunga mlango. Nikamsikia ndani anavuta kitu kizito, anakiegemeza kwenye mlango ule.

Basi kila jioni naipiga tupa. Mume wangu anakaa mbele yangu, mikono ameilaza mapajani, macho amefumba. Unga ule unaniingia puani, unaganda kooni. Sijawahi kumaliza bila kutapika. Mwanzoni nilikuwa nambembeleza akae. Sasa analeta tupa mwenyewe.

"Polepole, mke wangu," ananong'ona. "Hapo. Hapo hapo."

Malengelenge yamepona. Bondeni tunapata kuliko wote, na watu wanamuuliza sepetu ile tumeinunua wapi. Namkataza asiwaelekeze. Anacheka tu.

Jana nilimaliza nikaenda kuchukua ufagio. Niliporudi, sakafu ilikuwa safi, haina hata chembe ya unga.

Yeye alikuwa bado analamba vidole.