Kilio Kilichokatazwa

Sombe, majani ya muhogo, ilikuwa na chumvi kali, na Kahambu hakuwa ametia chumvi. Hata hakuwa nayo, iliisha Jumatatu.

"Mama Kaswera, unataka kutuua?" Séraphine, mwenye nyumba, alitema mate mlangoni.

"Sikutia hata kidogo."

Wakaonja maji ya bidon, lile dumu la kuchotea. Chumvi tupu! Yalichotwa asubuhi ziwani kule Kyeshero, na maji ya ziwa, watu wa Goma tunayajua, hayana ladha ile. Kahambu akayamwaga, akachota mengine. Hakushangaa. Tangu afike mtaa huu wa Katoyi akitoka Rutshuru, miezi mitatu sasa, hakuna kilichomshangaza. Alifua, alipika, alilala, basi.

Mtaa ulimsema sana, eti ana roho ya jiwe. Midomo ya watu haina kazi! Siku walipokimbia vita, mume wake Kakule alipigwa risasi mbele yao, kwenye shamba la mtama. Binti yao Kaswera, wa miaka sita, akafungua kinywa, na Kahambu akakiziba kwa kiganja. "Usilie. Usilie kabisa, watatusikia." Wakalala pale kando ya maiti mpaka askari wakaenda, kisha wakaiacha bila kaburi, bila kilio.

Mtoto akatii. Hakulia tena, hata siku goti lilipopasuka juu ya mawe ya volkano. Majirani wakamsifu: mutoto wa adabu! Adabu gani hiyo, jamani?

Siku ya nne baada ya sombe ile, saa sita mchana, bidon ikaanza kulia. Kwanza ilikuwa kwikwi ndogo ndani ya plastiki, Séraphine akadhani ni paka, kisha ikapanda, ikawa sauti ya mtoto anayelia huku kinywa kimezibwa, ikatoka kwenye bidon ikaingia kwenye sufuria, ikatoka kwenye sufuria ikaingia kwenye mbao za ukuta, na nyumba nzima ikanuka mtama mbichi na damu, na Kaswera alikuwa ameketi katikati ya vyote hivyo, midomo imefungwa, anawatazama.

Kuanzia hapo mtoto akakauka. Alikunywa kikombe baada ya kikombe, na midomo ilipasuka vilevile. Kwenye dispansari walimwekea serum mbili za mshipa, hazikusaidia kitu.

"Mimi ni mukatoliki," Séraphine alinong'ona, "lakini huyu mutoto anakufa. Twende kwa Muzee Useni."

Useni, Mwislamu wa ukoo wa Maniema anayetoa watu majini, alikuja mwenyewe. Alinusa bidon, akafukiza ubani.

"Kilio cha baba yake mulikifanya wapi?"

"Tungelilia wapi, Muzee?" Kahambu alijibu. "Nilimukataza."

"Ulikikataza, hakikufa. Jini wa lile shamba alikiokota. Sasa yuko ndani ya mutoto, anakinywa."

Akasoma dua, akasoma tena, jasho likamtoka. Ndipo sauti nzito ikatoka kwa Kaswera, na midomo yake haikutikisika hata kidogo.

"Nitatoka. Lakini sitoki na njaa. Nipeni kilio kingine."

"Musimujibu!" Useni alisema kwa hofu. "Nyamazeni wote, anachoka."

Lakini Kahambu alikuwa ameona shingo ya binti yake, nyembamba, ngozi imeshika mfupa. Aliogopa kwamba hakuna muda wa kumngoja jini achoke.

"Kunywa changu," alisema. "Mimi sina kazi nacho."

"Mama! Hatachukua machozi tu!" Useni alipiga kelele.

Ubani ukazimika. Kaswera akatikisika, akafungua kinywa, akapiga ukelele: "Papa! Papa weee!" Machozi yakamwagika, makamasi yakamwagika, na wanawake wa jirani wakaingia mbio, wakajitupa chini, kila mmoja akimlilia mtu wake aliyebaki njiani. Séraphine alilia mpaka kitambaa kikamtoka kichwani. Hata Muzee Useni alijifuta macho kwa kanzu. Walilia saa nzima, na walipotulia vifua vilikuwa vyepesi, wengine wakaanza hata kucheka.

Kaswera aliomba maji, akanywa, akakojoa palepale. Wanawake wakapiga vigelegele. Kisha akamkimbilia Kahambu, akamkumbatia miguu, akaendelea kulia taratibu.

Kahambu, macho makavu, alimtazama mtoto yule. Akamgeukia Séraphine, akauliza kwa upole:

"Mutoto wa nani huyu?"