Mchana Kweupe Mtani Wangu Kaingia Mtaroni

Hakuna mtu Dodoma hii anayemjua Luka kunizidi mimi, Mudrick. Hakuna! Hata Zipora, mkewe, anakuja namba mbili.

Luka akipiga chafya Ihumwa, mimi nikiwa Chimwaga nishajua kala nini.

Ndiyo maana mchana ule nilipomkuta mtaroni, damu inamtoka kichwani, pikipiki imemlalia... wala sikuuliza. Ajali!

"Mtani! Mtani, unanisikia?"

Akafumbua macho. Akanitazama kama mtu aliyekatishwa usingizi mtamu.

"Kwa nini unanitoa?"

Nikacheka. Sasa nifanyeje, wadau? Yeye Mgogo, mimi Mnyamwezi. Sisi hata msibani tunataniana.

"Nikuache humo uote kama mtama? Inuka, unachafua mtaro wa serikali!"

Hakucheka.

Tukampakia kwenye bajaji, huyooo hospitali.

Mimi na Luka ni bodaboda wa kijiwe kimoja. Siku za karibuni jamaa alikuwa kapoa kama uji wa jana. Abiria anamwita, yeye kakodolea macho reli. Shati ni lile lile, mpaka linamjua.

Kijiweni tukampa jina. Marehemu!

"Oya Marehemu, abiria huyo! Au mpaka ufufuliwe?"

Watu mbavu hawana! Jina nililitunga mimi, si mnanijua?

Kuna siku Zipora akanivuta pembeni.

"Shemeji, Luka halali. Anakaa kitandani analia. Nataka nimpeleke kwa daktari wa akili."

"Weee! Unataka mumeo aitwe kichaa? Mpikie makande ashibe, atanyamaza."

Akanyamaza yeye.

Haya, turudi hospitali. Daktari, mama mmoja mtu mzima, kamshona Luka, kavua glavu, katugeukia mimi na Zipora.

"Barabara ile imenyooka. Hakuna gari lililomgonga. Alikuwa amelewa?"

"Luka hanywi," Zipora akajibu.

"Amewahi kumwambia yeyote kati yenu kwamba amechoka kuishi? Nijibuni kweli. Kama ni ajali, anarudi nyumbani leo. Kama si ajali na nikamruhusu, mtamrudisha hapa kafunikwa shuka."

Zipora akanitazama mimi.

"Hajawahi, daktari," nikasema. "Mimi ndiye rafiki yake, angesema ningejua. Hii ni ajali tu."

Luka akageukia ukutani.

Daktari akashika kalamu amruhusu...

"Anakudanganya huyo!"

Aneth! Mama chai wa kijiweni kwetu. Kasimama mlangoni, chupa ya uji mkononi, jasho linamtoka.

"Shikamoo daktari. Luka alisema! Mbele ya jiko langu, nakaanga chapati. Alimwambia huyu, 'Mtani, nikifa usinizuilie kaburi mpaka upewe mbuzi, kama mnavyofanyaga watani. Niache nipumzike. Na siku yenyewe si mbali.'"

"Dada Aneth, ule ulikuwa utani bwana..."

"Wako ndiyo ulikuwa utani! Waambie ulimjibu nini."

Nikaangalia viatu vyangu.

"Haya, nasema mimi. Alimjibu, 'Hakuna kuzikwa bure! Lete mbuzi wangu kabisa, ndiyo ufe kwa amani.'"

Daktari akaweka kalamu chini.

"Huyu haondoki. Namwita mwenzangu wa afya ya akili sasa hivi." Akanigeukia. "Na wewe kijana, mwanaume akikuambia anakufa, muulize kwanza kama anamaanisha. Kucheka kupo tu, hakukimbii."

Kule kitandani Luka akaanza kulia. Siyo machozi ya kiume yale ya kufuta na kiganja. Alilia kwa sauti, mabega yanaruka. Zipora akamshika mkono.

"Lia, baba. Lia tu. Leo hakuna wa kukunyamazisha."

Nikaanza kurudi kinyumenyume nitoke zangu...

"Shemeji."

Nikasimama. Zipora hata hakugeuka.

"Yule beberu wetu mweusi. Luka aliniambia kapotea. Nimemtafuta mpaka machinjioni. Unajua alipo?"

"Mimi? Mbuzi? Shemeji, mimi nitajuaje mambo ya..."

"Supu yake niliipika mimi, mdogo wangu," Aneth akasema polepole. "Mudrick alileta nyama, akasema kapewa zawadi na mtani wake. Kijiwe kizima kilikula. Leo niliposikia Luka yuko mtaroni ndiyo nikajumlisha."

Akafunga macho, kama anaona aibu kwa niaba yangu.

"Na bakuli la kwanza alimpa Luka mwenyewe. Akamwambia, 'Onja mtani, huu ndio msiba wako.'"