Kisanduku cha Zambarau

Kifuniko cha kisanduku kililia "ting" mchana kweupe, na hakuna aliyekigusa. Odile alisingizia paka, ingawa paka wao alihama nyumba siku kisanduku kile kilipotoka kwenye tanuri la mumewe.

Anselme alikuwa hodari katika mji wa Nancy, Ufaransa, wa kusaga kioo kikawa unga, kuushindilia kwenye kalibu na kuuchoma taratibu mpaka ushikane. Kisanduku hiki kilikuwa cha lozi za sukari, zile wanazogawiwa wageni, za ubatizo wa mtoto wao Solange. Majirani waliulizia rangi yake, naye akawa anacheka tu, kwa majivuno yake yaleyale.

Kila alipotoka karakanani aliita tangu mlangoni, "Binti yetu!" Zamani kichanga kilirusha miguu kwa furaha. Siku hizi kilichojibu ni kifuniko. Ting. Na Solange akaanza kukataa ziwa, akawa baridi, na lozi zikanuka udongo mbichi.

"Anselme, hiyo rangi umeitoa wapi?"

"Rangi ni rangi, mke wangu. Umeanza lini kuogopa vyombo?"

"Tangu mwanangu aache kunyonya! Sema!"

Anselme akainamisha kichwa. "Makaburini. Kulikuwa na shada la kaburi, la shanga za kioo, limetupwa jalalani. Zambarau safi, Odile, ungeiona!"

Odile akamsogelea. Mashada yale huwa na maneno yaliyotungwa kwa shanga. "Liliandikwa nini?"

"'Kwa binti yetu,'" akanong'ona. "Nikazisaga shanga pamoja na maneno yake."

Walikimbilia makaburini, Odile na mtoto kifuani, Anselme na kisanduku. Mchimba makaburi, mzee Colnot, aliwasikiliza huku akivuta kiko.

"Kaburi la shada hilo lilikodiwa kwa miaka, muda wake ukaisha, na ndugu hawakuja kulilipia tena. Mifupa tumeiweka kwenye shimo la wote. Mtamrudisha wapi, mama? Huyo binti hana kwao tena."

"Basi kitupe humo humo, baba, nakuomba!" Odile alilia.

Kikatupwa. Wakasikia kikivunjika huko chini, na njia nzima ya kurudi Solange alilala kwa utulivu, hata mashavu yakaanza kupata rangi, na Odile, aliyekuwa na hamu ya kuamini, akaamini, akacheka kwa mara ya kwanza tangu balaa lianze, na Anselme naye, kwa furaha na kwa mazoea, akasukuma mlango na kuita kabla mkewe hajawahi kumziba mdomo:

"Binti yetu!"

Nyumba ilikuwa tupu. Mtoto alikuwa mikononi mwa mama yake, hajajua hata kukaa. Lakini kutoka chumbani vishindo vya miguu midogo vikaja mbio juu ya mbao, mbio za mtoto aliyeitwa baada ya kungoja sana, vikapita sebuleni, vikasimama mbele ya sketi ya Odile, kitu kikaishika aproni yake na kuanza kupanda, na Odile akamkumbatia Solange kwa nguvu zake zote.

Mtoto akafumbua macho, akamtazama Anselme.

"Baba," akasema.