Mkalimani wa Ghala la Tumbaku

Alfajiri ya Jumapili moja, mwaka 1974, watu wa kijiji cha ujamaa kilichokuwa nje kidogo ya Usoke waliamka wakakuta ghala lao la tumbaku limebaki kuta tupu. Paa la nyasi lilikuwa limeporomoka, mlango umekuwa mkaa. Kwa walivyojua, mavuno ya mwaka mzima yalikuwa humo. Jua halijapanda, mtuhumiwa alikwishapatikana: Daktari Quintana, mtaalamu wa kilimo kutoka Kuba. Ijumaa alikuwa amesimama mkutanoni na, kwa maelezo ya mkalimani wake, akasema analipinga ghala lile.

Sajenti Sikuzani Mabruki aliteremka kwenye treni ya Tabora saa nne asubuhi. Alikuwa mwanamke wa mjini, binti wa fundi cherehani, na kazini alijulikana kwa jambo moja: hakuwa na haraka ya kumwamini mtu wala ya kumshuku. Alimkuta Quintana amefungiwa katika ofisi ya kijiji, mlangoni vijana wenye marungu.

"Mchukue, afande," alisema mwenyekiti wa kijiji, Mzee Mayala. "Akibaki hapa hadi jioni, sitaweza kuwazuia watu."

"Shikamoo, mzee. Nitamchukua mwenye kosa. Kwanza nionyeshe ghala."

Nyumba ya jirani na ghala ilikuwa ya Minza, mama aliyekausha tumbaku tangu usichana wake. Ndiye aliyeuona moto kwanza.

"Moshi ulikuwaje, mama?"

"Mzito, afande. Wa nyasi na miti."

"Na wa tumbaku?"

"Sasa unaponiuliza, sikuusikia. Tumbaku ikiungua macho hayafunguki. Sisi tulisimama pale pale tukimwaga maji, hata wa kupiga chafya hakuna."

Sikuzani alichutama akafukua jivu kwa kijiti, kona hadi kona. Nyasi, boriti, misumari. Jani la tumbaku halikuwamo.

"Ufunguo unakaa kwa nani?"

"Mmoja kwa Justus, karani wa ghala," alijibu Mayala. "Huyo huyo ndiye mkalimani. Alisoma Havana, na wilaya nzima hakuna mwingine ajuaye Kihispania. Wa pili ulikuwa wangu. Umepotea wiki iliyopita."

"Ulimwambia nani?"

"Sikumwambia mtu. Niliona haya."

Sajenti alimtazama kwa muda mrefu. Mwenyekiti aliyepoteza ufunguo akanyamaza, kisha akawa wa kwanza kutaka mgeni aondolewe. Mayala alijua anavyotazamwa, akainamisha kichwa.

Ofisini, Justus alikaa katikati ya Sajenti na mgeni. Alikuwa kijana nadhifu, shati limepigwa pasi.

"Muulize Ijumaa alisema nini juu ya ghala."

Quintana alijibu kwa maneno mengi, akigandamiza kiganja kimoja dhidi ya kingine. Neno moja alilirudia: *contrarrestar*.

"Anasema alilipinga ghala, na bado analipinga," alisema Justus.

Maelezo marefu vile, tafsiri fupi vile. Sikuzani alilishika lile neno kwa mlio wake akaliweka kichwani.

Minza alileta chai ya rangi. Quintana alionja, akakunja uso, akamimina sukari kijiko baada ya kijiko. Alipoonja tena alitabasamu, akasema sentensi moja. Ndani yake Sikuzani akalisikia neno lile, limekatwa mkia tu: *contrarresta*.

"Kasemaje?" aliuliza, kama mtu wa kupoteza muda.

Justus alikuwa akipuliza kikombe chake. "Anasema sukari inaua ukali wa chai."

Sikuzani alikunywa yake taratibu hadi mwisho. Kisha akaenda stesheni kutumia simu ya reli.

Alasiri alikusanya kijiji kizima mbele ya kuta zilizoungua. "Justus, sasa pumzika," alisema. "Nitazungumza na mgeni mwenyewe."

Alimsogelea Quintana, akatikisa kidole na kichwa kama anayekataa, uso ukiuliza neno lake kwa Kihispania.

"*Oponerse*," alisema Quintana.

"Hilo ndilo kupinga," Sikuzani aliwageukia watu. Aliomba mizani ya duka la kijiji, akaweka jiwe upande mmoja, kisha akaongeza mawe upande wa pili hadi pande zote zikalingana.

"*Compensar*."

"Hilo ni kufidia. Sasa, *contrarrestar*?"

Quintana aliinuka kama aliyeitwa jina lake. Alimfanya Mayala amsukume kiganja kwa nguvu, naye akasukuma kwa nguvu hizo hizo hadi mikono yote ikasimama. Akaenda ukutani, akapangusa maji ya kuzimia moto ambayo hayakuwa yamekauka, akaonyesha kidole kilicholowa. Halafu akachora kwa mkaa madirisha madogo, akayapuliza.

"Unyevu!" alisema Minza. "Anataka matundu ya hewa, upepo uuvunje nguvu unyevu. Tumbaku isioze."

Watu wakaanza kumgeukia Justus.

"Afande," alisema Justus, "Kihispania kina maneno yanayokaribiana. Hata aliyesoma huteleza."

"Kwenye chai hukuteleza. Neno lile lile ulilitafsiri sawasawa. Unateleza panapotajwa ghala tu. Kutoboa madirisha kungelazimu ghala lifunguliwe, na lingefunguliwa watu wangeona li tupu. Ndiyo maana ukalichoma. Nimepiga simu stesheni baada ya stesheni, hadi kwa bwana stesheni wa Igalula. Kuna marobota uliyoyapeleka kwa jina la ngozi, nayo yananuka tumbaku. Ameyazuia."

"Na ufunguo wangu?" aliuliza Mayala.

"Niliutoa kwenye koti lako, usije ukafungua mwenyewe," alisema Justus. "Miaka yote ile Havana, nikiahidiwa ofisi Dar es Salaam. Wakanileta huku kulinda majani."

"Majani hayo ndiyo fedha za kujengea zahanati yetu," alisema Mayala. "Nawe ulitaka mtu mwingine afungwe kwa kosa lako."

Siku marobota yaliporudishwa, kijiji kizima kilikwenda stesheni ya Usoke. Mayala alimshika Quintana mkono mbele ya wote, akasema, "Tumekukosea, ndugu." Hakukuwa na wa kutafsiri, wala hakuhitajika. Quintana alikunja mikono ya shati, akaliinua robota la kwanza pamoja na mwenyekiti, na kina mama wakapiga vigelegele hadi dereva wa treni akawajibu kwa honi.