Uzi Mwekundu Kwenye Gogo

"Ha! Maua yangu bado yapo?"

Mdogo wangu wa mwisho hata begi hajatua. Amesimama katikati ya duka langu la kushona, ananyooshea kidole tangi la samaki, anacheka. Mimi nimeinama na mpira wa maji mkononi, natoa maji kwenye ndoo. Jioni ile mteja mmoja angekuja kulichukua tangi, maana nilikuwa nimechoka kulitazama.

"Maua yako yapi?"

"Si hayo ya plastiki! Niliyaweka mimi, dada. Ile mara ulipokwenda kumuuguza mama nikabaki kukuangalizia duka."

Mpira ukaniponyoka. Maji yakalowesha suruali ya watu iliyokuwa inasubiri zipu.

"Hebu rudia."

"Nirudie nini? Humo ndani mlikuwa na majani yameoza, yanateleza kama makamasi. Nikasema dada akirudi asikute uchafu. Nikang'oa ule mmea, nikasugua vikokoto kwa sabuni, nikaweka maua. Ilikuwa sapraizi! Kesho yake nikapanda basi la chuo. Na hukuwahi kunishukuru."

"Kwa sabuni?"

"Ya unga. Ile yenye harufu nzuri."

Nikakaa chini, sakafuni, kwenye maji.

"Dada, mbona unalia? Maua tu jamani!"

Angejua! Miaka mitatu nilikuwa namlaani mwanaume asiye na kosa.

Watu walimwita Kambale, kwa zile sharubu zake. Alikuwa na duka la samaki wa mapambo mtaa wa nyuma, na mimi niliingia humo siku moja nikiwa nimefura, mkononi nimeshika mfuko wa majani meusi.

"Umeniuzia mmea mbovu," nilimwambia.

Akaufungua mfuko, akanusa.

"Uliupanda vipi?"

"Kama watu wanavyopanda! Nikachimba, nikaufukia mpaka shingoni."

"Na tangi umeliweka wapi?"

"Dirishani. Lipate jua."

"Maji yakawa rangi ya mchicha."

"Umejuaje?"

Alicheka mpaka sharubu zikatikisika. Hasira yangu ikaanza kupungua hapohapo, ila sikumwonyesha.

"Sikiliza, fundi. Huu si mahindi. Unaona hili shina nene lililolala? Ukilifukia linaoza. Hili linafungwa juu ya gogo au jiwe, mizizi itashika yenyewe. Na jua la dirishani linalisha mwani wa kijani, mmea wako haufaidi kitu. Anayeanza achague mmea mvumilivu, usiodai mwanga mwingi. Achana na ule mwekundu wa pale, mzuri kwa macho tu, utakutoa roho."

"Unafungwa na nini?"

"Uzi. Tatizo nyuzi za kawaida zinaoza majini."

"Uzi wa jinzi hauozi," nilisema, nikatoa kibunda mkobani. Mwekundu, ndio niliokuwa nao siku ile.

Akatazama uzi, akanitazama mimi. Tangu hapo akaniita Sindano.

Jamani, siku zile! Kila Jumapili anakuja na ndoo yake, namfungulia, mwisho nikachoka kumfungulia nikampa ufunguo. Anabadilisha maji robo tu, "ukiyamwaga yote unawafukuza kwao," anasema, mimi nashona, redio inaimba, tunabishana mpaka jioni. Mmea tuliukata nusu mbili siku moja. Nusu tukaifunga kwenye gogo langu, nusu kwenye gogo la dukani kwake, zote kwa uzi wangu.

"Utadondosha majani kwanza," alinionya. "Ukihama maji unalia kidogo. Usiutupe, shina likiwa gumu bado uko hai."

"Nimtupe nani? Wewe au mmea?"

"Siku ukinichoka, usihangaike kunitamkia. Ng'oa tu. Nikipita nikakuta haupo, nitaelewa."

"Na wewe ukinichoka, njoo uchukue mmea wako, urudishe ufunguo. Nami nitaelewa."

Tukacheka. Mapenzi yakinoga mtu unaongea chochote.

Majani yakaanza kudondoka kweli. Wiki ileile mama akalazwa, nikaenda haraka bila hata kumuaga Kambale. Niliporudi, tangi halina mmea, maua ya plastiki yamesimama wima, na kwenye sakafu, chini ya mlango wa kioo, ufunguo wa Kambale. Nikasema, haya, kachukua chake, na zawadi ya kejeli juu. Kiburi kikanikaba. Sikupiga simu, naye hakupiga. Ufunguo nikautundika msumarini kando ya kioo cha wateja, na kila aliyejipima gauni alijipima mbele ya donda langu.

"Kwa hiyo alipita," mdogo wangu alisema polepole nilipomaliza kumsimulia, "akachungulia mlangoni, akaona maua yangu..."

"Akaelewa."

"Mungu wangu. Dada, mpigie!"

"Miaka mitatu! Si atakuwa ana mke na watoto?"

"Mpigie, la sivyo napiga mimi. Kama kuharibu, nimeshaharibu."

Namba niliijua kwa kichwa. Ikaita. Ikapokelewa na mwanamke.

"Duka la samaki, nani mwenzangu?"

Nikasema, ndiye mke huyo.

"Namuulizia mwenye duka."

"Kalowa mikono. Nimwambie nani?"

"Mwambie... Sindano."

Nikasikia pampu zinaguruma kwa nyuma.

"Sindano wa uzi mwekundu?"

"Samahani, wewe ni nani yake?"

"Mama yake! Umedhani nani? Hilo jitu lina nani zaidi yangu?"

"Shikamoo, mama!"

"Marahaba. Nina maneno na wewe, binti, ila si ya kwenye simu."

Akakata. Baada ya muda ukaingia ujumbe:

*Mama anasema umepiga. Kama pampu inasumbua, safisha sponji yake. Si kwa maji ya bomba.*

Nikaandika:

*Sikuung'oa mimi.*

*Nani?*

*Mdogo wangu. Alidhani umeoza. Akasugua vikokoto kwa sabuni.*

Nikaiweka simu mapajani. Nikadhani basi. Kisha:

*SABUNI???*

Halafu:

*Kwa hiyo hukunichoka?*

Nilichomoa ufunguo msumarini, nikatupia kibunda cha uzi mkobani.

"Mteja akija kuchukua tangi?" mdogo wangu aliuliza.

"Mwambie haliuzwi. Na usiguse kitu!"

Duka lilikuwa lilelile, unyevu uleule, taa zilezile za kijani. Mama yake alikaa mlangoni, akanipima kuanzia kichwani hadi miguuni, akasogeza kiti nipite. Kambale alisimama nyuma ya matangi, sharubu zimeanza mvi, mikono inadondosha maji.

"Ulirudisha ufunguo," nilisema. Salamu nilisahau.

"Niliona plastiki. Ungeng'oa tu ningeumia kawaida. Lakini plastiki, Sindano!"

"Kwa nini hukuuliza?"

"Wewe mbona hukuuliza?"

Nikageuza macho. Ndipo nikaliona tangi la pembeni. Gogo lilikuwa limefunikwa majani mapana, mizizi imelikumbatia kila upande. Na katikati, umefifia lakini upo, uzi wangu mwekundu.

"Mizizi ikishashika, uzi unakatwa," nilisema. "Ulinifundisha mwenyewe."

"Najua."

"Mbona hukuukata?"

Akajifuta mikono kwenye shati, muda mrefu kuliko ilivyohitajika.

"Ungebaki mmea tu."

Nililia pale, sikuona aibu. Kisha nikatoa mkasi wangu mdogo mkobani. Akashtuka.

"Unataka kuukata sasa?"

"Uzi uache ulivyo. Nakata shina. Nipe nusu yangu."

Akaingiza mkono ndani ya maji, akalishika lile gogo, nami nikakata palepale aliponionyesha. Nusu ikabaki kiganjani mwake, inachuruzika maji.

"Utadondosha majani kwanza," alisema.

"Udondoshe. Tutakaa tuuangalie mpaka uchipue."

Nikaweka ufunguo juu ya mmea, kwenye kiganja chake, nikakikunja kwa mikono yangu yote miwili.

"Njoo Jumapili," nilimwambia.

"Jumapili mbali."

"Basi njoo sasa. Na ndoo yako."

Mama yake akasafisha koo kule mlangoni.

"Nendeni zenu, duka nitafunga mimi," alisema. "Ila huyo mdogo mtu, siku ya harusi asishike sabuni."