Gego la Mpiga Pasi

Haya ni kweli tupu. Nikiongeza hata chembe, nitamenya gunia zima la vitunguu vya harusi, peke yangu.

"Mbona kila nikicheka unanikodolea macho mdomoni?" mpiga pasi alimfokea msukuma toroli katikati ya chumba cha kufulia cha hoteli. Wote wawili ni wageni nchini mwetu.

"Gego la chini kushoto limetoboka. Likiachwa..."

"Ndiyo posa hiyo? Wenzako huleta maua, wewe unaniletea gego! Kesho nahama zamu, tusionane tena!"

Akatoka na pasi mkononi, waya ukimfuata kama mkia. Mimi nilikuwa nimejificha ndani ya tenga la shuka chafu. Niliona yote.

Jioni meseji ya msukuma toroli ikaingia kwenye simu ya mpiga pasi: "Nisamehe. Kwetu mimi ni daktari wa meno. Hapa vyeti vyangu havitambuliki mpaka nifanye mtihani upya. Niliogopa utanicheka: daktari gani huyu, anasukuma shuka?"

Akaisoma, akairudia. Akapiga.

"Daktari?"

"Naam."

"Lile rundo la shuka linalofika darini na halidondoki, unadhani kalipanga nani?"

"Si wewe?"

"Mimi ni mhandisi wa madaraja, bwana wee! Tangu nije hapa sijajenga hata kizingiti. Nilikuficha, nikadhani utaogopa kuoa msomi."

"Kumbe tumefichana! Zamu je, unahama?"

"Nitahamaje na jino linaniuma?"

"Najua. Unatafunia kulia."

"Jamani! Mtu ananipenda mpaka upande ninaotafunia!"

Basi akawa anamuuliza maswali ya mtihani huku anapiga pasi. Daktari akafaulu. Siku ya kwanza kazini akamziba gego lile, kisha akapiga goti palepale kando ya kiti cha wagonjwa.

"Sasa zamu yako ya kusoma. Pasi nipe mimi. Nguo zetu zote, maisha yote."

Mdomo ulikuwa na ganzi. Akaitikia kwa kichwa.

Nikiandika hapa, mke wangu akachungulia begani. Mpiga pasi ni mpangaji wetu, na siri zote humwaga kwake.

"Mzee, na hilo tumbo uliingia tenga gani? Siku ile ulikuwa kochini unakoroma! Haya nimekusimulia mimi!"

"Lakini wanapendana, si kweli?"

"Kweli. Na harusi ni kesho. Gunia lile pale, kisu hiki hapa."

Namenya. Bwana harusi kapita sasa hivi, kaniona ninavyolia, akainama kunifariji. Hata shikamoo hajanipa.

"Mzee wangu, hebu panua mdomo."